Freni ya Kiti cha Nyuma

Ngungu, tarehe 22 mwezi wa ine, 1968

Mpendwa Mama Adelaïde wa gazeti,

Nakusalimia sana, na nakuomba usitupe hii barua mbele ya kuimaliza, sababu nimeianza mara tano na mara tano nimeitia mu moto chini ya nyungu ya maharagi, na leo nimesema hapana, leo naandika mpaka mwisho, ikuwe nini ikuwe. Mimi ni mwanamuke wa miaka makumi mbili na munane, nilisoma kwa Mamasoeur, masista wa misioni, mpaka mwaka wa tano, kwetu ni Kibua mu Walikale, lakini niliolewa huku Ngungu ku milima ya Masisi, na bwana yangu anaitwa Viateur, alikuwa karani ku nyumba ya kukaushia pareto ya Muzungu mumoja, na ule Muzungu alikuwa na bibi yake na kinga moja ya ajabu, baiskeli ya viti viwili, pedali mara mbili, gidoni mbili za kushika, muntu mumoja mbele na mwingine nyuma. Kila siku ya Mungu walikuwa wanaitembeza, bwana mbele, bibi nyuma amevaa kofia, na sisi tunacheka mpaka mbavu zinauma. Mu mwaka wa 60 walikimbia na gari yao, kinga ilikosa fasi mu gari, wakaiachia bwana yangu, tukaanza kuipanda sisi.

Mama, usifikiri nilikuwa na maisha mubaya, hapana, watu walikuwa wanatuonea wivu. Tulikuwa tunaenda nayo ku misa, tulikuwa tunashuka nayo mpaka Bweremana ku ziwa na maharagi, tunarudi na samaki, ku kupanda tunashuka tunaisukuma, ku fasi ya sawa tunakanyaga pamoja na hakuna wa kutukamata. Wanawake wenzangu walikuwa wanatembea na muzigo ku paji ya uso, mimi nimekaa kama malkia. Lakini mwenye kukaa nyuma haoni njia, anaona mugongo. Niliangalia mugongo ya Viateur miaka munane, nikajua mashati yake yote fasi zenye nilishona, nikajua kama yuko na hasira ku mabega yake tu mbele hajasema neno.

Sasa nitakuambia kitu chenye watu watatu tu walikuwa wanajua. Freni ya mbele iliharibika ni miaka mbili, vyuma vya kubadilisha hakuna tena tangu wazungu walienda, na fundi ya kinga wa Bweremana, Papa Grégoire, alitafuta, akakosa, akasema, "Viateur, freni nzima iko moja tu. Naifunga ku gidoni ya nyuma. Njia yenu ni mawe matupu, wewe unapaswa kushika gidoni na mikono mbili, bibi yako njo atafunga." Viateur alikataa. Alisema watu watasema nini, mwanaume anasimamishwa na bibi yake. Grégoire akacheka, akasema, "Basi tuache kile chuma cha freni ile ya zamani pale mbele, ukuwe unakikamata watu wakiona." Tukafanya vile. Mbele yake kulikuwa chuma cha bure, nyuma kwangu kulikuwa freni ya kweli, na tukiwa tunashuka alikuwa anasema polepole pasipo kugeuka, "Funga," na mimi nafunga, "Achia," na mimi naachia. Watu wote wa Ngungu wanajua kama mwenye kuwa mbele njo mwenye freni. Hata mama mukwe hakujua.

Shida yetu, Mama, ni kama hatuna mutoto. Miaka tisa. Nilikunywa dawa ya Mamasoeur, nilikunywa dawa ya kwetu ya mu pori, niliomba novena mpaka magoti ikachubuka, hakuna. Kaka mukubwa wa Viateur anaitwa Hubert, yeye njo mukubwa mu jamaa tangu baba yao alikufa, na alikuwa anasema mbele yangu, na mimi napakua chakula, "Hii nyumba iko inalima shamba ya mawe." Viateur alikuwa ananyamaza. Nilikuwa nafikiri ananyamaza sababu ananitetea mu roho.

Mu mwezi wa kwanza, siku ya ine asubui, Viateur akaniambia, "Jitayarishe, tunaenda kusalimia baba yako Kibua, leo tutalala Bweremana kwa mashangazi." Mama, nilifurahi! Miaka tatu sikuona mama yangu. Alifunga muzigo yeye mwenyewe ku chuma cha nyuma, nikasema looo, leo bwana ananifungia muzigo. Tukaenda. Tulipofika fasi ile mulima unaanza kushuka ku ziwa, muzigo ukalegea, tukasimama, mimi nikafungua kamba nifunge muzuri, na ndani nikakuta nguo zangu zote, hata zile za mu sanduku, hata kitambaa cha ndoa, na chini kabisa, jembe yangu. Jembe, Mama. Nani anaenda kusalimia wazazi na jembe? Kwetu na kwao ni sawasawa, mwanamuke anarudi na jembe yake siku yenye anarudishwa.

Nikamuuliza, "Viateur, hii jembe ni ya nini?"

Akaangalia ziwa. "Tutasema tukifika."

"Sema hapa."

"Ni Hubert. Wamekaa, wamekata maneno. Mimi ningefanya nini?"

"Na wewe ulisema nini?"

Akashika gidoni, akasema, "Panda, jua inapanda." Na mimi nikapanda, Mama Adelaïde, nikapanda! Njo kitu kinaniumiza mpaka leo. Nilifunga jembe yangu tena na mikono yangu, nikakaa nyuma, nikaanza kukanyaga, kwa nguvu yangu mimi mwenyewe niko najirudisha kwetu. Niliangalia ule mugongo, ile shati nilishona mimi ku bega, na mabega yake ilikuwa imetulia, muntu hana hasira, hana huzuni, anaenda tu.

Mulima ukaanza. Akasema, "Funga." Sikufunga. Akasema tena, "Funga, funga!" na mukono yangu ilikuwa juu ya freni, ilikuwa nzima, haikuuma, na sikufunga. Nilisema mu roho, acha nawe usikie woga kidogo. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Sikutaka kumuua, nakuapia mbele ya Mungu, mimi pia nilikuwa juu ya ile kinga, lakini pale nilipofunga mbio ilishakuwa mingi, kulikuwa mukunjo ya njia na jiwe, na tukaruka. Mimi nilichubuka mukono tu. Viateur alivunjika mufupa wa paja na wa kiuno. Mbele ya kinga yote ilikunjikana, ikabaki imenasa ku miti pembeni mpaka leo.

Nilikimbia kutafuta watu, nikakuta wanawake wanashuka na viazi, tukarudi mbio. Nilimuacha amelala mu majani karibu na kinga. Niliporudi, kamba ya chuma ya freni ilikuwa imekatwa, na koleo ndogo yake, ile ya kutengenezea kinga, ilikuwa mu mukono yake. Akaniangalia sawasawa ndani ya macho. Kisha akatia koleo mu mufuko, na wanawake walipofika akasema, "Kamba ya freni ilikatika. Nilifunga, ikakatika." Tangu ile siku hatujaongea juu yake hata neno moja. Sijui kama alinifichia sababu ananipenda, ao sababu alikuwa na haya watu wasijue freni ilikuwa kwa bibi.

Sasa sikia mabaya. Hubert alishitaki Grégoire ku tribunal ya chefferie, baraza ya chefu wetu, anasema alitia kamba mubovu. Walimufunga juma mbili mu cachot, chumba chao cha kufungia watu, wakachukua vyombo vyake vyote vya kazi, wakamuachia angoje siku ya kusamba maneno mbele ya waamuzi. Na yeye alisema ukweli! Alisema, "Freni nilifunga nyuma, kwa bibi, muulizeni bibi, na kamba ilikuwa muzima." Watu walicheka, Mama, walicheka sana, Hubert akasema, "Fundi anakimbilia nyuma ya kikwembe cha mwanamuke." Wakaniuliza. Mimi nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, nikalia, wakasema muache huyu mama, ameteswa ya kutosha. Tribunal itakaa tarehe 14 mwezi wa tano. Watu wanasema atapelekwa gereza ya Masisi miezi sita. Bibi yake Emérita tulikutana ku soko, hakunitukana, alinipisha njia tu.

Na mimi, Mama, tangu Viateur alianguka, hakuna mwenye anasema tena nirudi Kibua. Namuosha, namugeuza, namulisha, na mama mukwe anaambia majirani kama hakuna muke kama mimi. Hubert ananisalimia na mikono mbili. Hata jembe yangu imerudi pale ku mulango. Ule muanguko njo ulinirudishia nyumba. Nikisema ukweli, kesho niko ku njia ya Kibua na miguu. Nikinyamaza, Grégoire anaoza mu gereza. Silali, chakula inanishinda, na kila nikishika mukono ya bwana yangu nimugeuze naona ile mukono yangu juu ya freni.

Nifanye nini? Jibu lako ulitume kwa Masoeur Elisabeth wa dispensaire, fasi naenda kuchukua bande za mugonjwa, sababu barua zote zingine zinapita kwa Hubert. Kama utaandika mu gazeti, ondoa majina yetu, nakuomba.

Ni mimi, muke ya Viateur.


JIBU LA MAMA ADELAÏDE

Binti yangu,

Barua yako ilinifikia tarehe mbili. Nimeiacha mezani siku nzima kwa sababu ningekujibu palepale ningekujibu vibaya. Pole. Pole kwa jembe lile. Nimesoma barua nyingi za wanawake waliorudishwa kwao, lakini hii ni ya kwanza ya mwanamke aliyefanywa akanyage pedali za safari hiyo. Mumeo alikukosea, na alikukosea kwa uoga. Mtu mzima, karani, anajua kuhesabu na kuandika, anashindwa kumwambia mkewe neno moja nyumbani kwake, anamficha jembe ndani ya nguo! Angekuwa mbele yangu ningemwambia hivyohivyo, hata kama kiuno chake kimevunjika.

Sasa pole zimekwisha. Acha kuniandikia "moja, mbili, tatu" kana kwamba ulikuwa unacheza na watoto. Ulikuwa na freni mkononi, mtu akakuomba, ukamnyima. Unasema hukutaka kumuua. Nakusadiki. Lakini mlima haukuulizi ulitaka nini. Ulifanya kosa kubwa kwa hasira, na hasira yenyewe nimeielewa kabisa. Hata mimi sijui mkono wangu ungefanya nini siku ile. Kosa hilo lingekuwa la kwenu wawili, mngelilia ninyi wawili, mkalimaliza mbele ya Padiri. Siku uliyoinamisha kichwa mbele ya wale watu wanaocheka, ulilichukua ukambebesha Grégoire. Hiyo haikuwa hasira tena, ee? Siku ile hukuwa juu ya mlima, hakukuwa mbio, hakukuwa jiwe. Walikuuliza, wakakungojea, na ulikuwa na nafasi yote ya kujibu. Kwangu mimi hilo la pili ni baya kuliko la kwanza.

Unaniuliza kama mumeo alikata kamba kwa mapendo ama kwa haya. Unaniuliza mimi, niliye Bukavu, na yeye unamwosha kila asubuhi! Muulize. Leo, ukishamaliza kumfunga bande, usiondoke na beseni. Kaa mbele yake, uso kwa uso. Mwambie, "Sikufunga. Najua ulikata." Halafu nyamaza, umwache aseme. Pengine atakuambia jambo la kukuponya, pengine atakuambia jambo la kukuumiza zaidi, na kwa vyovyote utakuwa umeolewa na mtu unayemjua. Na umwambie wazi kwamba tarehe 14 utasema tribunalini, akubali asikubali. Humwombi ruhusa. Unampa habari, jambo ambalo yeye hakukufanyia siku ile.

Kisha shuka Bweremana kwa miguu, uende kwa Emérita kabla ya tribunal. Usipeleke kuku, usipeleke maharagi, asije akafikiri unanunua kitu. Mwambie mlangoni mwake yale uliyoniandikia mimi. Akikutukana, pokea. Akikufungia mlango, semea mlangoni, atasikia. Huyo mama amekaa miezi anasikia watu wakimcheka mumewe kwa sababu alisema ukweli, na mwenye kuweza kumwinua ni wewe peke yako.

Siku ya tribunal usingoje waite jina lako. Simama ukiwa wa kwanza. Usilie mwanzoni, maana ukilia watasema tena "muache huyu mama," na maneno yako yatafia hapo. Sema hivi: "Freni ilikuwa nyuma, kwangu. Papa Grégoire aliifunga vizuri. Bwana yangu aliniambia nifunge, nikakataa, kwa sababu nilikuwa nimekuta jembe langu ndani ya mzigo." Wakianza kucheka, rudia tena toka mwanzo. Kuhusu ile kamba na koleo, hayo ni ya Viateur, aseme yeye mwenyewe kutoka mkekani ama apeleke neno kwa mkono wa Padiri. Wakisema mwanamke hawezi kuwa na freni, waombe watu wawili washuke kule mtini waangalie gidoni ya nyuma. Nashangaa hakuna aliyefikiri kwenda kuangalia. Wote walikuwa na hakika ya jambo ambalo hawajaliona.

Na nyumba yako? Sitakudanganya. Hubert anaweza kukufukuza hata kabla tribunal haijamaliza kukaa, na kwa tendo lako mwenyewe safari hii atakuwa na sababu. Jiandae. Mwandikie mama yako Kibua, kwa mkono wa Masoeur, ajue kabla hujafika. Lakini usikubali mtu akurudishe kwa ajili ya mtoto: mlifunga ndoa kanisani, nenda kwa Padiri ukamkumbushe, na umwambie pia kwamba katika miaka tisa wewe umekunywa dawa za kila mlango na Viateur hajapimwa hata mara moja. Dispensaire inamtibu miezi minne sasa, wampime! Kama atakayebaki kukutetea ni Viateur, atakutetea kwa sauti, si kwa kunyamaza. Na kama hatakutetea, basi nyumba unayoilinda kwa kumfunga Grégoire haipo, binti yangu. Unalinda mkeka wa mgonjwa na sifa za mama mkwe, na sifa hizo zitakwisha siku atakaposimama kwa magongo.

Sasa neno la mwisho, na utanikasirikia. Umeniomba niondoe majina. Nimeyabadilisha yote, na ni kazi bure, wewe mwenyewe unajua. Ungetaka kufichika ungeandika "kinga" tu. Umeandika viti viwili, gidoni mbili, nyumba ya pareto. Kinga ya namna hiyo katika milima yote ya Masisi ni moja. Nadhani ulitaka gazeti liseme mahali pako. Nami sikubali kukusemea.

Jibu hili natuma leo kwa Masoeur Elisabeth, utalipata ukienda kuchukua bande, na una siku zaidi ya saba mbele yako. Gazetini nitalitia Jumamosi tarehe 18, siku nne baada ya tribunal, barua yako na jibu langu, pasipo kukata neno. Lia, nitukane, lakini hilo halibadiliki, kwa kuwa kuna mtu asiye na kosa na mimi pia sasa najua, na sitaki kulala kama unavyolala wewe. Ukisimama tarehe 14, watu wa Ngungu wakisoma watasema haya ameshatuambia yeye mwenyewe. Usiposimama, watasomeana kwa sauti baada ya misa, Grégoire akiwa njiani kwenda gereza la Masisi, na wewe utakuwa umekaa katikati yao unasikiliza.